Kete za Fundi Rula

Seremala huyu watu walimwita Fundi Rula, na hawakuwa wanamtania. Mlango aliouweka yeye haukuburuza sakafu. Kabati lake halikuyumba. Ukimwambia atumie mbao mbichi kwa kuwa mteja hatajua, alikutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Mtu mnyoofu, walisema. Hata mkewe alisema hivyo mbele za watu, ila alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo baada ya kusema.

Unyoofu wote huo uliishia kwenye meza ya dhumna. Kila likizo ya mwisho wa mwaka mwanawe, mpima ardhi, alikuja na mkewe, mwalimu wa hesabu. Chakula cha mchana kikiisha, meza ilifutwa na kete ishirini na nane zikamwagwa. Wazee upande mmoja, vijana upande wa pili, na wanaofungwa wanaosha vyombo. Kwa miaka kumi na minne wazee hawakuosha hata kijiko. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, lakini za huyu zilikuwa zimepita arobaini nyingi na hakuna aliyepiga kelele.

Kete zile alizichonga mwenyewe kutoka mabaki ya mbao ya mlango mmoja, na mbao, kama ujuavyo, haina mistari inayofanana. Mgongo wa sita-sita ulikuwa na michirizi mitatu mirefu. Ule wa tupu-tupu ulikuwa na kidoa cheusi pembeni. Sasa, kwenye dhumna unazisimamisha kete zako mbele yako, wewe unaziona nyuso na wenzako wanaona migongo. Fundi Rula alikaa pale akiisoma mikono ya watu kama unavyosoma kibao cha duka. Hakuzitia alama, alijitetea moyoni. Mungu ndiye aliyezitia, kosa lake yeye ni kuwa na macho tu. Akalala usingizi mzuri miaka yote hiyo.

Tatizo la mtu anayeshinda daima ni mdomo. "Siku mtakayonifunga dhumna," alizoea kutamba huku vijana wakisugua masufuria, "ndiyo siku nitakayofunga karakana!" Alilisema hilo mara nyingi mno, tena mbele ya mashahidi.

Mwaka huu mpima ardhi alikuja na sura ya kazi. Alikuwa amesikia kuhusu mlango wa baba yake uliokatwa ukapungua upana wa vidole viwili, mteja akaurudisha. Mzee alidai mbao imesinyaa, mbao iliyokauka miaka mitatu! Halafu alikuwa ameiona glavu ya kushoto karakanani, imechanwa na msumeno wa umeme kuanzia kidole gumba mpaka kiganjani. Mzee alipoulizwa alisema ni panya.

"Baba, mimi sitaki kugombana," mwana alisema kete zilipomwagwa. "Ulisema mwenyewe. Ukifungwa, unafunga karakana. Basi weka ufunguo hapa, tucheze mara tatu, tumalize maneno."

"Nauweka," akasema Fundi Rula, akaubwaga mezani kwa kishindo. Mdomo uliponza kichwa, lakini hakuwa na pa kurudi. Karakana ile ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi. Bila hiyo angekuwa mzee mmoja anayekaa barazani akisalimia wapita njia.

Walipanga kete. Akainua macho kuisoma migongo ya mwanawe, akaona vitu saba vya kahawia. Akafinya macho. Vikawa vitu saba vya kahawia vilivyofinywa. Nyuso za kete zake alizisoma kwa karibu, vitobo akivipapasa kwa kidole gumba, lakini ng'ambo ya meza kulikuwa na ukungu mtupu. Aliogopa, hakuna neno jingine. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anacheza dhumna kwa haki, na alikuwa hajui namna.

Mchezo wa kwanza walifungwa vibaya. Alitupa kete ya tano mbele ya mkwewe aliyekuwa na kete nne za tano mkononi, mwalimu akashindwa kuficha tabasamu. Mkewe Fundi Rula alimtazama mumewe, akarekebisha kitenge chake, akasogeza kiti karibu na meza.

Mchezo wa pili mama huyu, ambaye miaka yote alicheza kama anayesubiri chai ichemke, alifunga ncha zote mbili za mstari wa kete kwa nne. Mwana akagonga meza: "Napita." Mkewe akapita. Raundi nyingine, wakapita tena. Mchezo wa tatu ukawa hivyo hivyo, kila kete ya mama ikitua pale tu ambapo vijana hawakuwa na jibu.

"Mama, unajuaje?" mwalimu wa hesabu aliuliza. "Kwa hesabu hii haiwezekani."

"Bahati, mwanangu," alisema mama, akaweka kete ya mwisho.

Mpima ardhi akamsukumia baba yake ufunguo. "Nisamehe, Baba. Nilidhani macho yamechoka." Wakabeba vyombo kwenda jikoni, wameinamisha vichwa.

Fundi Rula alibaki mezani. Ule uchezaji aliujua. Ulikuwa wake.

Mkewe aliinua kete moja, akamwonyesha mgongo wake. "Hii ipi?"

"Tano-mbili," akabahatisha.

Akaigeuza. Ilikuwa sita-sita, ile ya michirizi mitatu.

"Tangu lini unazijua?" mumewe akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu mwaka wa pili. Kwani nani anazipaka mafuta?"

"Ukanyamaza!"

"Ulikuwa unafurahi sana, baba watoto. Nami vyombo sivipendi." Kisha tabasamu likamfutika usoni. "Kwenye dhumna naweza kuwa macho yako. Kwenye msumeno siwezi."

Fundi Rula aliuzungusha ufunguo kidoleni. Halafu akanyanyuka, akaenda jikoni, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe kilichojaa povu.

"Lakini umeshinda, Baba!"

Alifungua mdomo aseme yote, kuanzia migongo ya kete. "Mshindi ndiye anayechagua," akajisikia akisema. "Nimechagua kupumzika. Tena kesho unipeleke kwa daktari wa macho, akahakikishe tu."

Mwalimu wa hesabu alijifuta macho kwa mkono wenye sabuni, jambo lililomliza zaidi. Mpima ardhi naye alikuwa ameguswa. "Ndiyo maana wanakuita Rula," alisema. "Kazi yangu ni kunyoosha mistari, Baba, lakini mtu mnyoofu kama wewe sijawahi kumwona."

Mlangoni mtu akakohoa kidogo. Fundi Rula akageuka amtazame mkewe, aone kama anacheka au analia. Kwa umbali ule, hakuweza kuuona uso wake.