Mzio wa Mke Mwenza

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, mwenyeji akaanza kujikuna.

Mgeni alikuwa bibi yangu mzaa baba, aliyetoka kijijini kuja kutibiwa macho hapa mjini. Mwenyeji aliyejikuna alikuwa mbwa wangu. Ni mbwa jike, mdogo, mweupe, mwenye manyoya yanayomfunika macho, na ukimwona kwa mbali unaweza kudhani kitambaa cha kochi kimeanguka. Aliachwa kwangu na mfanyakazi mwenzangu aliyehamishiwa Mwanza, kwa ahadi kwamba atamfuata akishapata nyumba. Nadhani jamaa bado anatafuta nyumba. Mimi sikuwa mtu wa mbwa hata kidogo, lakini nilizoea, na baada ya kuzoea nilipenda, na sioni haya kusema hivyo.

Siku bibi alipofika kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, alimkuta mbwa kalala juu ya kochi, kichwa kwenye mto. Bibi alisimama mlangoni na mzigo wake, akatazama kwa macho yake mabovu, kisha akanigeukia.

"Kumbe umeshaoa, mume wangu, na hukuniambia."

Bibi huniita mume wake tangu nazaliwa, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Tangu siku hiyo mbwa akawa mke mwenzake. Hakumwita jina lingine. Asubuhi ningemsikia sebuleni akisema, "Mke mwenzangu, sogea, na mimi nikae," na kwa kweli wakawa wanagawana kochi bila ugomvi, jambo ambalo wake wenza wengi hawaliwezi.

Ndipo muwasho ulipoanza. Mbwa alijikuna masikio, akajikuna tumbo, akajitafuna miguu. Alijikuna akiwa amekaa, akajikuna akitembea, jambo lililomfanya aende upande kama bajaji yenye pancha. Manyoya yakawa yanabaki sakafuni, na chini yake ngozi nyekundu.

Nyumba ile ni ya kupanga, na mama mwenye nyumba anaishi uani, upande wa pili. Ni mwanamke wa Kondoa, mtu wa swala tano, rika la bibi, na alinikubalia mbwa kwa sharti moja: asikanyage upande wake anakoswalia. Mbwa alilitii sharti hilo kuliko mimi ninavyotii masharti ya kodi. Lakini mama huyo alipoona yale manyoya yanapeperuka uani, aliniita.

"Baba, huyo ana upele. Wajukuu zangu wanakuja likizo shule zikifungwa. Ukimponya kabla hawajafika, akae. Wakimkuta anajikuna, aende."

Aende wapi, hakusema. Mimi sikuwa na pa kumpeleka. Bibi alijitolea kumchukua kijijini, akaongeza kwa upole kwamba fisi wa kule hawajawahi kuonja mbwa mwenye manyoya laini namna ile. Sikucheka. Usiku huo sikula vizuri.

Katika mtaa wetu hakuna mtu asiye daktari. Fundi seremala alileta majani ya mwarobaini, nikayachemsha, nikamwogesha, akatoka rangi ya mlenda na bado anajikuna. Kijana wa bodaboda akashauri nimpake oili chafu ya injini, nikamjibu ajipake yeye kwanza tuone. Mimi mwenyewe, kwa elimu yangu ya chuo kikuu, nilimwosha kwa sabuni ya unga ya kufulia. Hapo ndipo alipojikuna kwa bidii zaidi, mpaka akaanguka kutoka kwenye kochi, na bibi akasema mke mwenzake anadai talaka.

Nikaamua kwenda mtaa wa Majengo, kwenye duka la dawa za mifugo lenye daktari. Nilimbeba kwenye kikapu cha sokoni, bibi akafuata nyuma kwa kuwa hakutaka kupitwa na kitu. Kwenye foleni kulikuwa na watu wenye shida zinazoeleweka: dawa ya kupe, chanjo ya kuku, ng'ombe aliyegoma kula. Mzee mmoja alichungulia kikapu changu, akauliza kama huyo anakamuliwa au anachinjwa.

Daktari alikuwa binti mpole. Alimwamkia bibi shikamoo kabla hajanitazama mimi, akamlaza mbwa mezani, akachambua manyoya, akatazama masikio, akauliza anakula nini. Nikasema anakula tunachokula. Akatikisa kichwa.

"Si upele. Huyu ana aleji."

"Ndiyo nini hiyo?" bibi akauliza.

Daktari akatafuta neno la kumfaa mtu mzima. "Kwa Kiswahili, bibi, tunasema ana mzio."

Bibi akakaa sawa kwenye benchi. "Mzilo. Sasa si ungesema tangu mwanzo."

Hapa inabidi nieleze. Kwetu Wagogo, mzilo ni kile ambacho ukoo wako hauli. Wapo wasiokula mnyama fulani, wapo wasiogusa nyama ya sehemu fulani, na mtoto hufuata mzilo wa baba yake. Wazee husema ukiula, hata kwa bahati mbaya, ngozi itakuumbua mbele za watu. Daktari alikuwa anazungumzia ugonjwa, bibi anazungumzia ukoo, na wote wawili walielewana vizuri ajabu.

"Anautoa kwa wazazi?"

"Mara nyingi ni wa kurithi, bibi."

"Na akiula?"

"Anawashwa, anatoka vipele, manyoya yananyonyoka."

"Hasa. Na dawa?"

"Nitampa ya kutuliza, na ya viroboto. Lakini dawa kubwa ni kuujua, halafu asiule tena maisha yake yote."

Bibi akanigeukia. "Hawa wa macho nimekaa nao wiki nzima, sijasikia neno la maana. Huyu mtoto kasoma."

Daktari akanipa maelekezo. Sabuni ya unga marufuku, oili marufuku, aogeshwe kwa maji ya baridi na asuuzwe vizuri. Ale chakula cha aina moja tu ambacho hajazoea, kwa wiki kadhaa, na asionje kingine chochote kutoka kwa mtu yeyote. Akipoa, tumrudishie vyakula kimoja kimoja, tuone kipi kinamkataa. Tukachagua ugali wa mtama na nyama kidogo ya mbuzi. Niliitikia, lakini moyoni nilijua haiwezekani, kwa sababu mbwa yule alilishwa na mtaa mzima. Mama wa maandazi alimpa, mwenye bucha alimrushia vipande, watoto walimpa chochote kilichowaanguka. Ukiwaambia watu daktari amekataza, watakubali, watasubiri ugeuke, halafu watampa kidogo.

Bibi hakutaka hata kusubiri wiki kadhaa. Alitaka kujua ukoo. Tulipofika nyumbani aliniamuru nimpigie simu yule mwenzangu wa Mwanza, niweke sauti ya juu.

"Mbwa huyu ni wa kwa nani?" bibi akauliza.

"Mama yake ana asili ya Ujerumani, bibi," jamaa akajibu, akidhani anaulizwa thamani.

"Mjerumani hana mzilo. Baba yangu aliniambia walikula hata visivyo vyao. Na baba wa mbwa?"

"Baba hajulikani, bibi. Wa Kisasa tu."

Kisasa ni mtaa wa hapahapa Dodoma. Bibi, ambaye mji huu haujui, alihuzunika. "Ndiyo shida ya watoto wa kisasa," alisema, "baba zao hawajulikani." Nilijaribu kumrekebisha, nikaacha.

Kwa kuwa ukoo haukupatikana, bibi alichukua fimbo yake akazunguka mtaa. Alimwambia kila mtu kwamba kwa mjukuu wake kuna mtu mwenye mzilo usiojulikana, na atakayempa chakula asisahau kwamba amemlisha mwenzake mwiko. Nilimfuata nyuma kwa aibu, lakini niliona kitu ambacho sikukitegemea. Mwenye bucha aliweka kisu chini. Mama wa maandazi alifunika beseni lake. Hakuna aliyesema huyo ni mbwa tu. Mtu anaweza kumdharau daktari, lakini nani anataka lawama ya kuvunja mwiko wa watu.

Mama mwenye nyumba alisikiliza, akasema mzio anaujua, hauambukizi. "Lakini mimi nitatazama ngozi, sitasikiliza maneno."

Mbwa akala mtama na mbuzi, mtama na mbuzi. Kidogo kidogo akapunguza kujikuna. Masikio yakapoa, tumbo likaota manyoya mapya kama ya kifaranga. Tukaanza kumrudishia vyakula. Kuku, hakuna shida. Dagaa, hakuna shida, ila harufu. Mayai, sawa. Tukajaribu nyama ya ng'ombe, na kesho yake masikio yakawa mekundu. Alipotulia tukajaribu maziwa, na yakamkataa kuliko nyama.

Nilimwambia bibi kwamba mzio umepatikana, ni ng'ombe.

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akamtazama mbwa, aliyelala kwenye miguu yake. Bibi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe ndio waliomwoa, ndio waliowasomesha wanawe, na kwake siku isiyo na maziwa haijaanza bado.

"Asiyekula nyama nimewahi kumwona," alisema. "Lakini maziwa. Maskini, ataishi vipi?"

Halafu akakumbuka, na mimi nikakumbuka, kwamba sasa mbwa hata kijijini hawezi kwenda. Kwenye boma la bibi, maziwa yako kwenye vibuyu, kwenye uji, kwenye mikono ya watoto. Mama mwenye nyumba akimkataa, hana pa kwenda kabisa. Niliogopa kweli, na nilimwambia bibi hivyo. Alinipapasa kichwa, akaniambia mwanamume hasumbuliwi na mke aliyepona.

Wajukuu wa mama mwenye nyumba walikuwa wanafika Jumapili mchana. Jumapili asubuhi nikaamka kwa mdundo ninaoujua, wa mguu unaopiga sakafu. Mbwa alikuwa katikati ya sebule anajikuna kama siku ya kwanza.

Niligeuka mgambo. Nilitoka uani nikawahoji wote. Watoto wa jirani wakaapa. Mama wa maandazi akasema yeye anaogopa mizilo ya watu, akaondoka amenuna. Nilipaza sauti mpaka mama mwenye nyumba akatoka na tasbihi yake mkononi, akamwona mbwa mlangoni, mguu juu, anajikuna. Nikaona mambo yameisha.

"Nyamaza, mume wangu," bibi akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anarekebisha khanga ambayo haikuwa na tatizo. "Ni mimi."

Sikumwelewa.

"Jana nilikuwa nakunywa maziwa yangu. Akaja akanitazama. Nikageuka, akanifuata upande wa pili, akanitazama. Nikasema labda yule mtoto daktari kakosea kidogo. Nikampa ya kuonja tu." Akaivuta tena khanga. "Akamaliza kikombe."

Yaani aliyeutangazia mtaa mwiko kwa fimbo ndiye aliyeuvunja. Nilitaka kukasirika, hasira ikanikwama. Bibi akasema kwao anayemlisha mwenzake mzilo hutozwa faini, na yeye yuko tayari kutoa kuku, isipokuwa hajui anamkabidhi nani, maana ukoo wa mbwa uko Ujerumani na Kisasa.

Mama mwenye nyumba alichukua kijiti, akasogea hadi anapoweza kusogea, akalifunua sikio la mbwa kwa ncha. Akatazama manyoya mapya ya tumboni. Kisha akamtazama bibi.

"Nilisema akiwa na maradhi aende. Huyu hana maradhi. Ana bibi."

Uani pote watu walicheka, na bibi alicheka zaidi ya wote, mpaka akafuta yale macho yake kwa pindo la khanga. "Basi mbwa akae," mama mwenye nyumba akamalizia, "na huyu mwenzangu ndiye aende, kabla hajatumalizia wanyama." Wakapeana mikono kama watani wa siku nyingi. Mimi nilimbeba mbwa nikaingia naye ndani, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka mtaa unione.

Nilidhani ni utani. Jioni nikamkuta bibi anafunga mzigo. Macho yalikuwa yameshatibiwa, kweli, lakini tulikuwa tumekubaliana akae hadi mavuno. Nikamwambia mama mwenye nyumba alikuwa anacheka tu.

"Najua. Lakini mkono wangu siuamini," bibi akasema. "Kichwa kimesikia, mkono haujasikia. Huyu atanitazama tena, na mimi nitampa tena. Nikikaa nitamuua kwa huruma."

Nilimwambia tutaacha kununua maziwa. Akaniuliza kama nataka yeye ndiye ajikune.

Nilimsindikiza stendi, nikambebea mzigo, nikamnunulia maji na biskuti, nikasimama dirishani pake hadi basi likaondoka. Nilitaka wote wawili. Sikuona kwa nini mtu mzima asiweze kuwa na bibi na mbwa katika nyumba moja. Niliporudi nilipika mtama. Mbwa alikula, akaenda kulala mlangoni pa chumba cha bibi, ngozi imetulia, hajikuni popote. Nikakaa sakafuni karibu naye, na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kututania.