Saa mbili za kupiga mbizi alizoacha mwanangu: tuliyoiuza na tuliyobaki nayo

Bwana Mungu apewe sifa kwa kunifikisha siku hii nikiwa na macho ya kusoma na vidole vya kuandika, hata kama vinatafuta herufi moja moja.

Wakuu, nawasalimu wote humu ndani, wakubwa kwa wadogo. Nitakayoeleza ni kweli tupu, na Yeye aliye juu ananiona nikiandika.

Baadhi yenu mtakumbuka niliingia hapa na picha za saa mbili za kupiga mbizi, nikauliza ipi ina bei zaidi na ipi niiuze. Mlinisaidia sana. Mmoja wenu aliniuliza, "Mzee wa kahawa huko Githongo na saa ya kwenda chini ya bahari, wapi na wapi?" Nilicheka lakini sikumjibu. Leo namjibu.

Majina ya kampuni za saa sitayataja, wasimamizi wa jukwaa wasije wakafikiri nafanya matangazo.

Saa hizo zilikuwa za mwanangu Muthomi. Nasema zilikuwa kwa sababu yeye hayuko tena.

Muthomi alikuwa mpiga mbizi kwenye bwawa la umeme kule Kiambere. Watu wengi hawajui kwamba kazi hiyo iko mbali na bahari. Mto Tana ukijaa unaleta magogo, matawi, hata mizoga ya ng'ombe, na vyote vinakwama kwenye vyuma vilivyowekwa mbele ya mitambo. Lazima mtu ashuke akavitoe. Huyo mtu alikuwa mtoto wangu, aliyekulia mahali ambapo maji mengi aliyoyaona utotoni ni yale ya kuoshea kahawa kiwandani.

Siku moja nilimuuliza huko chini kuna nini.

"Hakuna kitu, Baba. Ni matope tu. Hata mkono wako huuoni. Kitu unaona ni saa."

Saa ya kwanza aliinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuja kutengeneza milango ya bwawa, na hata wakati huo haikuwa mpya. Aliivaa kazini miaka yake yote. Ile pete ya juu, inayozungushwa ili mtu ajue amekaa chini ya maji dakika ngapi, ilikuwa nyeusi ikageuka kijivu kama jivu la jikoni. Vitone vinavyong'aa gizani vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa na mikwaruzo kila upande. Mimi niliiona kama kitu kilichokwisha.

Ya pili aliinunua dukani Nairobi alipofanywa msimamizi wa wenzake. Hiyo ilikuwa ya samawati, na sanduku lake na karatasi zake. Haikuwahi kuona maji ila ya mvua. Aliivaa kanisani na harusini.

Ndugu zake walikuwa wakimtania. "Muthomi, hebu tuangalizie saa," na kila mmoja ana simu mfukoni. Naye angenyoosha mkono polepole kama askofu anayebariki, asome saa, halafu aseme, "Ni saa ya nyinyi kutafuta kazi." Nyumba yote ingecheka.

Aliugua muda mfupi. Ilikuwa ini, si maji. Mamake alikuwa ameogopa maji miaka yote hiyo, akayaombea kila asubuhi, na kifo kikaja kwa njia ambayo hatukuwa tumeiombea. Tulimzika hapa nyumbani, kando ya kahawa, na nilishukuru kwamba nilipewa mtoto kama yule. Bado nashukuru. Lakini kushukuru hakuzuii mtu kulia, msidanganywe.

Aliacha mke, Igoki, binti wa Embu, na mtoto mmoja msichana. Msichana anaitwa Kendi, jina la mke wangu, kama desturi yetu ilivyo. Kwa hiyo mimi humwita "mke wangu," naye huniita Guka, yaani babu, na kunijibu, "Guka, kama mimi ni mke wako, mbona hujaninunulia viatu?" Sasa amemaliza shule ya sekondari.

Nyumba yao iko Kiambere. Ajabu ya mahali pale ni hii: ukisimama mlangoni unaliona bwawa lote, maji mpaka macho yachoke, na katika boma hakuna hata mfereji wa maji. Igoki na Kendi huenda na punda kuteka. Muthomi alikuwa ameahidi kuchimba kisima kirefu cha pampu. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Alikufa akiwa bado na neno hilo mdomoni.

Baada ya mazishi Igoki alikuja Githongo na zile saa mbili zikiwa zimefungwa kwenye leso. Akaziweka mezani.

"Baba, moja iuzwe tupate maji. Nyingine ibaki ya Kendi. Ipi, wewe ndiye utasema. Mimi nikichagua nitaona ni kama nimemuuza yeye."

Hapo ndipo nilipokuja kwenu.

Wakuu, jibu lenu lilinishangaza. Nilidhani ile mpya ya samawati ndiyo ya bei. Mkaniambia hapana, ile kuukuu ndiyo inayotafutwa, na ule uzee wake wa kijivu na rangi ya chai ndio wanaoulipia. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile nyingine. Mmoja wenu alinipa namba ya kijana dalali wa saa, naye akaomba video aone kama inatembea. Kendi, aliyekuwa kwetu likizo, akaipiga. Dalali akataja bei, na ilikuwa bei ya kisima na pampu yake. Ile ya samawati ingetosha tenki na mifereji ya paa, basi.

Niliomba kwa siku kadhaa. Moyo wangu ulitaka ile kuukuu ibaki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mwanangu ndani yake. Lakini nilijiuliza Muthomi mwenyewe angesema nini, na nilimsikia waziwazi akisema maji. Nikatamka kwamba kuukuu iuzwe.

Kendi aliitazama, akasema, "Sawa, Guka," akatoka nje.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Kwetu nyumbani kitu cha marehemu hakitoki kwenda kwa mtu wa nje kabla hakijaoshwa. Mashati, viatu, hata panga lake. Na anayeosha ni mama. Hakuna anayemtuma, ni kazi yake ya mwisho kwa mtoto.

Jumamosi kabla ya safari ya kumpelekea dalali ile saa, nilikuwa kanisani na wazee wenzangu. Mke wangu, mamake Muthomi, akajua saa inakwenda kwa mgeni. Akatoa beseni nje kwenye jua, maji ya moto, sabuni ya unga, na ile waya ya kusugulia sufuria.

Niliporudi ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cheupe, karibu na mashati yaliyokunjwa. Ilikuwa inang'aa. Ile pete ya kijivu ilikuwa nyeupe ya chuma, namba zote zimekwisha. Mikwaruzo ya zamani haikuonekana.

"Haingeenda kwa watu ikiwa chafu hivyo," akaniambia. "Wangesema hakuwa na mama."

Nikamwambia asante. Wakuu, sikuona ubaya wowote. Mimi pia nilifikiri imependeza.

Wiki iliyofuata tulikutana na dalali Embu mjini, hotelini, kwa sababu alikuwa na shughuli zake huko. Mimi, Igoki na Kendi, na saa zote mbili, maana ile ya kubaki Kendi angerudi nayo Kiambere. Kijana mpole, kucha safi, kioo kidogo cha kukuzia mfukoni. Tukaagiza chai. Akafungua leso, akatoa simu akaitazama tena ile video.

"Mzee, hii ndiyo ile ya video?"

"Ndiyo hiyo."

"Ni nani ameiosha?"

"Mamake mwenye saa."

Akaigeuza kwenye mwanga. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu, na chini ya ukungu madoa ya kutu yalikuwa yameanza kwenye uso wa saa. Akatuonyesha kile kidude cha pembeni cha kusetia majira. Hakikuwa kimekazwa.

"Imeingia maji," akasema.

"Kijana, hii saa imeshuka chini ya lile bwawa miaka yote. Itaingiaje maji leo?"

"Imeingia kwa beseni, Mzee." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetoa habari za msiba.

Kendi akaweka kikombe chini. "Ni mimi. Nilivuta hiyo kitu nikiseti masaa ya video. Sikujua inakazwa."

"Nyamaza," Igoki akamwambia, na akamshika goti chini ya meza. "Ungejuaje? Nani alikuwa amekufunza?"

Dalali akatueleza polepole. Bei ya ile kuukuu sasa ilikuwa imeshuka chini ya ile ya samawati. Lakini tukimwachia zote mbili, angejikaza, tungekaribia pesa za kisima.

Kwa hiyo nilikuwa nimerudishwa mwanzo, nikiwa na uchaguzi mgumu zaidi. Tuuze zote, boma lipate maji, na Kendi asibaki na kitu kilichokuwa kwenye mkono wa babake. Au tuuze ile mpya, tupate tenki, na tubaki na saa iliyoharibika.

Niliinuka nikasema naenda kunawa mikono. Niliomba nikiwa mbele ya sinki, mfereji ukitiririka. Sikusikia sauti yoyote. Wale wanaosema Mungu huwajibu papo hapo, nawaonea wivu.

Niliporudi, Igoki alikuwa amevaa ile saa iliyooshwa. Ilikuwa kubwa, imeteleza karibu na kiwiko. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anapitisha kidole pale ambapo namba zilikuwa.

"Uza ya samawati," nikasema. "Hiyo ibaki."

"Na maji, Guka?" Kendi akauliza.

"Tutaweka tenki."

"Tenki ni ya mvua. Na mvua ya kwetu unaijua."

Nikamwita mhudumu, nikalipa chai.

Tenki liliwekwa. Msimu wa kwanza lilijaa, nikafurahi na kutoa sadaka ya shukrani. Msimu uliofuata mvua ilikataa. Nilienda kuwatembelea nikamkuta Igoki anarudi na punda, mitungi imemlowesha sketi, na nyuma yake lile bwawa limetulia likimeremeta. Akanisalimu kwa heshima, akanipikia, hakutaja maji hata mara moja. Nilikula chakula kile kwa shida.

Kwa hiyo sijui kama nilichagua sawa. Kuna siku naona nilimpa mjane chuma kilichooza badala ya maji. Kuna siku Kendi ananitumia picha akiwa nayo mkononi, haitembei, imeganda, naye anacheka, na siku hiyo naona sikukosea. Ninabeba zote mbili mbele za Mungu.

Jioni ile tuliyotoka Embu, mke wangu alikuwa akingoja kwenye lango.

"Walisemaje? Waliona imeoshwa vizuri?"

Sijawahi kumdanganya katika ndoa yetu. "Yule kijana alisema hajawahi kuona saa imeoshwa hivyo," nikamjibu. Na ni kweli alisema hivyo nilipokuwa naagana naye.

"Kwa hiyo ilinunuliwa vizuri."

"Hapana. Hiyo haikuuzwa. Tuliuza ile ya samawati. Ile uliyoiosha Igoki amerudi nayo."

Alilifunga lango nyuma yangu. Halafu akasema, "Ningejua hivyo, ningeziosha zote mbili."

Akaingia jikoni. Nilimsikia akipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Sijamwambia lile beseni lilifanya nini. Kendi hajasema, Igoki hajasema. Mke wangu hasomi mambo ya mtandao, na sasa mnajua nyinyi kabla yake.

Funzo langu ni dogo. Kama una kitu cha marehemu cha thamani, waulize wanaokijua kabla ya kukigusa, na uwaambie watu wote wa nyumbani, hasa wale wanaopenda sana, maana hao ndio wenye mikono mepesi ya kusaidia. Na wewe uliye hai, ukiahidi maji, chimba mwaka huu.

Lakini kuna jambo nawaomba mnisaidie, hasa nyinyi mliozika watoto. Kunyamaza kwangu ni uongo? Nimehubiri juu ya ukweli kwa miaka mingi na swali hili linanishinda. Andikeni hapo chini mnavyoona, hata kwa ukali, sitakasirika.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akutunzie watoto wako wakuzike wewe. Nyumba yako isikose maji, na mikono inayokupenda ibarikiwe katika yote inayofanya. Amina.