Siku Niliyomvua Mbwa Kikapu

Mwalimu wa mbwa aliniudhi tangu siku ya kwanza. "Mbwa nimeshamaliza kumfundisha," alisema, akinikabidhi mkanda wa kumshikia. "Sasa naanza na wewe." Mimi ni mtu mzima, nina mke na binti, nasimama sokoni na watu wazima wananisikiliza. Leo nifundishwe kushika mkanda? Lakini mbwa alikuwa ananitazama, nikaupokea.

Mbwa tulimchukua baada ya wezi kuingia nyumbani kwetu Rau mchana kweupe, mke wangu na binti yetu wakiwa ndani. Mimi nilikuwa Sanya Juu, ambako kazi yangu ya kununua mahindi na maharage hunipeleka siku tatu kwa wiki. Walibeba televisheni na mtungi wa gesi, wakatoka wakitembea polepole kama wanahama. Tangu siku hiyo binti yangu, msichana wa miaka kumi na tatu, akawa hawezi kuoga mpaka mama yake asimame mlangoni pa bafu. Hilo ndilo lililonipeleka kwa mwalimu wa mbwa, wala si televisheni.

Mbwa alikuwa dume, ile aina ambayo kwetu watu wote huiita mbwa polisi. Hakuwa na makelele. Alilala barazani akimfuata kwa macho kila anayepita nje ya geti. Kwa miezi kadhaa mwalimu alikuja kila Jumamosi kunifunda. Mgeni asimame kwanza, wewe umlete mbwa ukiwa umemshika, amnuse, akae chini, ndipo msalimiane. Watu wakiwa wengi, mvishe kikapu, yaani kile cha ngozi kinachoziba mdomo lakini kinamwacha aheme na kunywa maji. Mkanda ni wa mikono miwili, siku zote. Na ukitaka aachie alichokamata, sema "Acha" mara moja tu, kwa sauti anayoijua.

"Hajui nani mwema nani mbaya," mwalimu aliniambia. "Anachoona ni nani kamshika nani. Hayo mengine ni kazi yako."

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Binti yangu akaanza kuoga peke yake, tena akiimba.

Desemba tukapanda mlimani kwa mama yangu, kama Wachaga wote wanavyopanda. Mke wangu alishauri mbwa abaki kwa mwalimu. Nilikataa, nikasema akikaa huko atatusahau. Ukweli ni kwamba nilitaka ndugu zangu wamwone.

Kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba ya mama, hakina geti. Kuna uzio wa masale tu, na njia inakatiza katikati ya migomba, njia ya kila mtu: wanaokwenda mferejini, wanaopeleka maziwa, wanaotoka kanisani. Mtu anaanza kukusalimia akiwa bado kwenye migomba ya jirani, na kabla hujaitikia ameshakukumbatia. Mbwa alichanganyikiwa mpaka nikamhurumia. Nilimfunga nyuma ya zizi la ng'ombe, kikapu mdomoni, na hapo nilikuwa bado na akili zangu.

Siku iliyofuata Krismasi tulichinja mbuzi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikawa imeiva, uani hapatoshi. Kaka yangu mkubwa akaenda kumchungulia mbwa, akarudi anacheka.

"Hivi ndugu yetu amenunua mbwa au mbuzi mwizi wa mahindi? Eti mbwa wa kukulinda, halafu unamfunga mdomo! Mwizi akija atamkonyeza?"

Uwanja mzima ukacheka, shangazi zangu wakishikana mabega. Nina ugonjwa mmoja toka utotoni: kuchekwa siwezi. Mke wangu akanivuta shati, akasema, "Achana nao." Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikwenda zizini, nikamleta mbwa katikati ya watu, nikamvua kikapu.

"Kaa." Akakaa. "Lala." Akalala. "Njoo." Akaja kando ya mguu wangu. Watu wakapiga makofi, kaka mwenyewe akanipa kata ya mbege kwa heshima. Niliipokea kwa mkono wa kulia. Mkanda ukabaki mkono wa kushoto, umelegea.

Mama hakuwa na habari na maonyesho yangu. Alikuwa na jambo lake. Januari mjukuu wake, binti yangu, alikuwa anakwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na kwetu mtoto haendi mbali kabla bibi hajamtemea mate ya baraka. Akatoka jikoni, akamkamata mtoto kichwa kwa mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu, akaanza kumtemea kifuani huku akimwombea. Binti yangu akapiga kelele za kicheko, kwa kutekenyeka.

Mbwa alisikia kelele, akageuka, akaona nani kamshika nani.

Mkanda ulinitoka mkononi bila hata kunisumbua. Nilipodondosha kata, mbwa alikuwa ameshaudaka mkono wa mama na mama yuko chini. "Acha!" Akaachia papo hapo, akakaa, akanitazama usoni kama alivyokuwa akinitazama Jumamosi zote. Yeye alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa.

Sweta zito la mama liliokoa mengi. Hata hivyo meno mawili yalipenya, na kifundo cha mkono kilivunjika alipoanguka. Kaka akaja na panga. Nikasimama kati yake na mbwa, nikamwambia kama ni kukata aanze na mimi, na safari hii sikuwa najionyesha kwa mtu. Mke wangu akamvisha mbwa kikapu. Tukamshusha mama hospitali mjini. Cheti cha chanjo za mbwa nilikuwa nacho mfukoni, lakini mama alichomwa sindano zake vilevile, akafungwa plasta.

Januari tulipita kwake kuaga. Mbwa tulimwacha Rau. Binti yangu akapiga magoti mbele ya bibi yake, akainamisha kichwa, akangoja. Mama akainua ule mkono usio na plasta. Akatazama nyuma ya mtoto, kwenye migomba, kisha akaushusha mkono magotini.

"Nenda salama," alisema.

Mtoto alilia mpaka shuleni. Alidhani kosa ni lake, kwa sababu alipiga kelele. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Nilitaka mwanangu asiogope bafuni, na nikamnyang'anya mikono ya bibi yake.

Mwezi uliofuata nikapanda tena pamoja na kaka, nimebeba isale, jani la uzio wetu uleule, limefungwa fundo. Kwetu isale la kuomba msamaha halikataliwi. Mama alilipokea, akaliweka mapajani, akalinyoosha kwa vidole.

"Wewe nimekusamehe," alisema. "Lakini huu mkono bado unaogopa. Mkono haujui isale."

"Mama, mbwa nitamrudisha kwa mwalimu wake."

Hapo akawaka. "Umrudishe, halafu wezi warudi? Mbwa alifanya kazi yake. Ni wewe hukufanya yako!" Kisha akashusha sauti. "Mtoto akifunga shule, nitashuka Rau. Mbwa awepo. Na usimfungie ndani, nikikuta umemfungia nageuza."

Nilirudi kwa mwalimu nikaanza moja. Hakunicheka, na pengine ingekuwa nafuu angenicheka. Jumamosi baada ya Jumamosi mke wangu na dada yake walikamatana vichwa uani kwetu, wakivutana na kupiga kelele, majirani wakichungulia, na mimi nikijifunza kumwona mbwa kabla hajainuka. Yeye naye akajifunza taratibu kwamba kushikwa si lazima iwe kuvamiwa. Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia kabla.

Juni mama akashuka kwenye bajaji mbele ya geti letu, na ndoo ya ndizi za mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akasimama. Nikamleta mbwa, kikapu mdomoni, mkanda nimeushika kwa mikono miwili. Akamnusa viatu, akanusa ule mkono uliong'atwa. Mama akakusanya khanga yake, lakini mkono hakuuondoa. Mbwa akakaa. Ndipo mama akaita mjukuu wake, akamkamata kichwa kwa mikono yote miwili, akamvuta. Binti yangu aliuma midomo asipige kelele, lakini alipotemewa mate kifuani kicheko kikamponyoka.

Mbwa akaanza kuinuka.

"Kaa," nikasema. Akakaa.

Mama aliendelea mpaka mwisho, bila haraka, kifuani na kwenye paji la uso, bila kuruka neno. Mbwa hakumtazama hata mara moja. Muda wote ule alikuwa anaitazama mikono yangu.