Ghala Lililoombewa

Daktari Gachoki alikuwa mtu wa hafla. Mpe hata bomba la maji, atalitafutia hema, keki na mgeni wa heshima. Ednah, msaidizi wake wa utafiti katika ofisi ya kupanga pale Nchiru, alimdharau kimoyomoyo huku mdomoni akimwitikia "Ndiyo, Daktari."

Kwa misimu miwili ya mvua Ednah alikuwa amerekodi sauti za mizinga ya nyuki huko Muthara. Shahada yake ilitegemea sauti hizo, na zote zilikaa kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa ikijizima inapojisikia. Mradi wa Gachoki ulikuwa umekodi ghala la mtandaoni, nafasi pekee iliyotosha faili kubwa kama zake. Ednah alishaiandaa kompyuta yake; ilibaki kuzituma tu. Lakini nywila alikuwa nayo Gachoki peke yake.

"Daktari, nifungulie leo. Hii laptop inakufa."

"Madam, tulia kwanza tu-launch. Wewe unaweza hamia kwa nyumba kabla haijaombewa?"

Mjinga na digrii zake, akawaza Ednah! Lenah, wa meza ya pili, akamnyooshea diski yake. "Weka hapa kwa saa hii, dada." Ednah akacheka kwa pua. Kubeba utafiti kwenye diski ni mambo ya watu wa saiba, wale wa intaneti ya kulipia kwa dakika.

Hafla ya uzinduzi ikafika. Mchungaji akaliombea ghala ambalo hakuna aliyeliona, droni ikazunguka juu ikipiga video, utadhani ni harusi. Gachoki akakata keki, akamlisha mgeni wa heshima, kisha akabonyeza kitufe. Makofi yakapigwa. Ednah naye akapiga, asije akaonekana ana roho mbaya.

Jumatatu akapewa nywila. Faili zake zikakataliwa: nafasi imejaa. Imejaa nini, na hakuna aliyeweka kitu? Kumbe Gachoki alishapakia video zote za hafla. Kuzifuta hakukusaidia, maana ghala lile hutunza hata kilichofutwa, na nafasi zaidi ilihitaji sahihi ya Gachoki, ambaye alikuwa Embu kwenye hafla nyingine, simu imezimwa. Kabla hajarudi, kompyuta ikazima ikakataa kuwaka. Fundi wa Meru mjini aliifungua, akatikisa kichwa: hakuna cha kuokoa.

Ednah aliazima kompyuta ya Lenah, akalifungua ghala. Video ya droni aliyoifuta bado ilikuwa salama, haijapungua hata kidogo. Droni inashuka juu ya hema, na pale mstari wa mbele ni yeye mwenyewe, anapiga makofi kuwashinda wote.