Siku Mama Aliponitangulia Kuinua Mkono

Mimi ni mtafiti wa udongo, lakini Jumapili hupiga picha za ndege kwenye kinamasi kilicho chini ya shamba letu la chai, Ekerenyo. Mwaka jana mwakilishi wa wadi yetu alitaka kinamasi hicho kikaushwe ili soko lijengwe. Nilisimama kwenye mkutano wa hadhara nikampinga.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa akichambua mboga.

“Wewe ulisomea udongo,” akasema bila kuniangalia. “Siasa waachie wenyewe. Watakuumiza.”

Nilimwonyesha kwenye kamera picha ya korongo wawili na kifaranga wao. Alipangusa mikono, akaitazama kwa muda mrefu.

“Hawa ndio ninaowasikia nikienda kuchuma chai?”

“Ndio, Mama.”

“Sikujua wanazalia hapa kwetu.”

Mkutano wa pili alikuja nami. Ilipoulizwa nani ana neno, aliinua mkono kabla yangu. Kwa Ekegusii, lugha yetu, polepole, alimkumbusha mwakilishi kwamba hata mama yake mwenyewe huchota maji kwenye chemchemi iliyo pale kinamasini. Watu walicheka, naye mwakilishi akacheka. Mpango uliahirishwa, na mpaka sasa haujarudi.

Tukipanda kilima kurudi nyumbani, Mama aliniomba nipunguze mwendo, magoti yanamuuma. Nikamshika mkono.