Gari la Baba Lililosema Asante

Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Malvern, hapa Johannesburg, kutafuta taa ya nyuma ya kigari changu, na nyuma ya duka la vyuma chakavu nikaliona. Si lile letu, ila la kabila lilelile: refu, la pembe pembe, paa limevikwa ngozi bandia iliyopasuka kwa jua. Mwenye duka akaniuliza kama nataka kununua. Nilicheka, lakini taa niliyoijia nikaisahau.

Wewe huenda hukuyajua magari yale. Yalitengenezwa Marekani zamani, wakati wakubwa wa huko walipotaka gari liwe kama sebule. Yaliingiaje Johannesburg sijui. Baba alilinunua lake mwaka 2016 kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama, akalileta mtaani kwetu Bertrams akipiga honi tangu kona ya mtaa. Watoto wote tukatoka. Ndani kulikuwa na viti vya mahameli nyekundu, mbao za kung'aa, na saa ya dhahabu. Mama alitoka na unga mikononi, akalizunguka mara moja, akasema, "Hili lina usukani upande wa watu wengine," akarudi kukanda chapati zake.

Mama hakukosea. Usukani ulikuwa kushoto, na huku tunaendesha kushoto mwa barabara kama kwetu Tanga. Kwa hiyo baba alikaa upande wa ukingo wa barabara, na akiwa nyuma ya gari kubwa hakuona kinachokuja mbele. Aliyekaa kulia ndiye aliyeona. Na aliyekaa kulia nilikuwa mimi, binti wa miaka kumi na moja, nimewekewa mto chini ya makalio.

Kazi yangu ilikuwa maneno mawili. Baba akitaka kulipita gari la mbele aliuliza, "Vipi huko?" Nilichungulia, nikasema "Twende" au "Bado." Basi. Niliifanya kazi hiyo kila Jumamosi na kila tulipokwenda msikitini, na sijawahi tena kuwa mtu mkubwa kiasi kile. Wenzangu shuleni walikuwa na baba wenye magari ya maana, lakini hakuna baba yeyote aliyengoja neno la mwanawe ndipo akanyage mafuta.

Gari lenyewe, nikuambie kweli, lilikuwa la hovyo. Mbao zilikuwa plastiki, zikabanduka mwezi wa kwanza. Saa ilisimama saa nne na robo na haikuondoka hapo. Kitambaa cha darini kilishuka hadi kikatugusa vichwa, mama akakibana kwa pini zake za kushonea, na tukipita kwenye shimo pini moja ilidondoka na tukaanza kuitafuta kabla haijamchoma mtu. Kila Jumamosi asubuhi mimi ndiye niliyelisugua, huku kelele za mashabiki zikitufikia kutoka uwanja wa michezo wa jirani, na mama akikaanga maandazi yaliyonukia iliki hadi nje. Baada ya kulisugua nilimwaga maji kwenye rejeta, chupa mbili za lita tano, maana lilikunywa kama ng'ombe.

Na lilisema. Humo ndani kulikuwa na sauti ya mwanamume wa Kimarekani, nzito, ya adabu. Ilisema mlango uko wazi, ilhali mlango umefungwa. Ilisema injini imepata moto, ilhali injini ndiyo kwanza imewashwa. Kisha ikamalizia kwa kushukuru. Mwanzoni baba alisimama kila mara akashuka kukagua. Baadaye alizoea. Sauti ikianza tu alisema, "Nyamaza wewe," na gari likasema asante. Tulicheka hadi machozi.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja Mkongo, mtu wa Lubumbashi, msusi, aliyenisuka bure kila mwisho wa mwezi. Binti yake alipopata mchumba, baba alijitolea kumpeleka kanisani kwa gari lake. Hakuombwa. Alikwenda mwenyewe akagonga mlango, akasema bibi harusi hawezi kwenda na kigari kama cha kila mtu. Mama alimwambia, "Mume wangu, hilo gari linatuaibisha sisi wenyewe, sasa unataka liaibishe na jirani?" Baba alinuna siku mbili. Nadhani alitaka mara moja tu watu walione kama alivyoliona yeye.

Siku ya harusi tulichelewa kutoka, kwa sababu gauni la bibi harusi lilikataa kuingia mlangoni, likaingizwa kwa mafungu. Alikaa nyuma na mama yake. Mimi mbele kulia, juu ya mto wangu, nimevaa gauni la njano. Mjomba wa bibi harusi alitufuata na kigari chake cha Kijapani, mkono mmoja nje ya dirisha, anatupiga video. Pasta alikuwa na ndoa nyingine saa sita, na alikwisha sema hangoji mtu.

Tulipoingia Jules Street tukaangukia nyuma ya lori la vyombo vya mtumba. Magari yaliegeshwa pande zote mbili, njia ilibaki moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lori lilijaa makabati na magodoro yenye madoa, na lilikwenda polepole. Sindano ya joto ilianza kupanda. Ile sauti ikatoka: injini imepata moto. Baba akasema, "Nyamaza wewe." Sauti ikashukuru.

"Muzee, tunachelewa," mama wa bibi harusi alisema kutoka nyuma, kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi. "Bantu banatungojea."

"Tunafika, mama. Tunafika."

Baba alikuwa anatoka jasho shingoni. Nilijua kinachomuuma si saa peke yake. Bibi harusi wake alikuwa anafuata magodoro ya watu, na mjomba anarekodi yote.

"Vipi huko?" akaniuliza.

Nilichungulia. Mbali kidogo, karibu na taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huku, kulikuwa na teksi nyeupe, mojawapo ya vibasi vya huku ambavyo madereva wake hawamngoji mtu. Ilikuwa inakuja.

"Bado," nikasema.

Sauti ikatoka tena: injini imepata moto. Bibi harusi alianza kulia polepole. Mama yake alimwambia asilie, wanja utashuka.

"Vipi?"

"Baba, bado!"

"Nyamaza wewe," akasema baba, na akakata usukani kulia.

Mpaka leo sijui kama alilijibu gari au alinijibu mimi. Niliiona teksi yote, hadi rozari iliyoning'inia kwenye kioo chake. Honi yake ilikuwa ndefu. Kioo chetu cha upande wangu kiling'oka kikaruka. Baba alirudi kushoto nyuma ya lori, akapanda ukingo wa barabara, tairi likapasuka, na tukasimama mbele ya saluni huku mvuke ukitoka kwenye boneti. Hakuna aliyekufa. Mama wa bibi harusi alijigonga mdomo kwenye kiti changu, ukavimba na kutoa damu. Kisha lile gari, likiwa limezimika kabisa, likatuambia mlango uko wazi. Safari hii ulikuwa wazi kweli.

Mjomba alishusha abiria wake wote barabarani, akampakia dada yake na bibi harusi kwenye kile kigari, nusu ya gauni ikipepea nje ya dirisha, na wakamuwahi pasta. Baba na mimi tulibaki kubadili tairi. Nilimshikia spana moja moja. Nilimwonea huruma sana. Nilidhani tuko pamoja katika jambo lile.

Tulifika ukumbini watu wakiwa wanakula. Sombe ya majani ya muhogo, bukari, yaani ugali wao, kuku, sahani zimejaa, muziki juu. Wanawake wakatusogezea viti. Ndipo mjomba akaomba muziki upunguzwe, akasimama.

"Muzee," akasema, "tunakushukuru. Lakini ilikuwa nini pale? Ulitaka kutuulia mutoto?"

Baba alifuta mikono yake kwenye leso, kidole kimoja kimoja. Nilimtazama, nikingoja aseme habari za lori, za breki, za Wamarekani, chochote.

"Mtoto aliniambia twende," akasema.

Watu wote wakanigeukia. Nilihisi masikio yanawaka. Mjomba akapumua, akatikisa kichwa. "Eish. Mutoto ni mutoto." Wakacheka, si kwa ubaya, na muziki ukarudishwa. Ningeweza kusema. Lakini binti wa Kitanga hamkanushi baba yake mbele ya watu, na nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Mama wa bibi harusi alikuwa amekaa mbele yangu, mdomo umevimba. Alikuwa amenisikia mara zote mbili, nyuma yangu palepale. Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua paja la kuku kwenye sahani yake akaliweka kwenye yangu, akainamisha macho. Nilitaka maneno, si kuku. Sikulila.

Nyumbani mama aliniuliza nikiwa navua gauni, "Ulimwambia nini baba yako?"

"Nilimwambia bado."

Akasema bila kucheka, "Mkubwa hajambi, mwanangu." Maana yake unaijua: kikinuka, amejamba mdogo. Akanikumbatia, nikalia mpaka nikalala.

Tangu siku hiyo mto wangu uliondolewa kwenye kiti. Mbele alikaa mama, ambaye kila akiulizwa "Vipi?" alijibu, "Mimi sijui, endesha gari lako." Wiki chache baadaye baba aliamua kuliuza gari, na bwana mmoja Mkenya, mpenzi wa magari ya zamani, akaja kulijaribu. Baba akaniita kutoka uani, akaniambia nikae mbele. Yeye akakaa nyuma, mahali alipokaa bibi harusi. Tukafika Jules Street, tukawa nyuma ya basi, yule bwana akanigeukia kuniuliza kama njia iko wazi.

"Ukimwuliza, msikilize," baba alisema kutoka nyuma. "Mimi sikumsikiliza."

Yule bwana hakuelewa, akacheka tu. Mimi nilielewa, na sikugeuka. Nilikuwa na hasira bado. Nilitaka aliseme kulekule alikosemea lile la kwanza, mbele ya mjomba, mbele ya wanawake waliocheka, muziki ukiwa umepunguzwa. Nilijiambia nitangoja. Gari likaenda na yule bwana siku hiyohiyo, na baba alisimama barabarani mpaka likapotea.

Nimengoja hadi mtaa wenyewe umeniishia. Bibi harusi na mumewe walirudi Lubumbashi. Mjomba nasikia yuko Cape Town. Yule mama msusi alifariki, na milango yetu yote miwili ina watu nisiowajua. Ule ukumbi sasa ni ghala la vitanda. Baba amerudi Tanga na ameanza kusahau. Mwezi uliopita alinipigia simu akanisimulia habari za gari lake kwa furaha, viti vya mahameli, sauti ya adabu, na jinsi alivyompeleka bibi harusi hadi mlangoni mwa kanisa. Sikumsahihisha. Hata angetaka leo kusimama na kulisema, hakuna aliyebaki wa kuambiwa.

Basi nakuambia wewe. Nilisema bado, mara mbili.