Joto Langu na Feni ya Mwenzangu

Wivu wangu ulianzia kwenye chumba cha chai cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Granville, magharibi mwa Sydney. Mimi nipo jikoni: nakata mboga, nasaga chakula cha wasioweza kutafuna, naandika vibandiko vya kila sahani. Yeye ni muuguzi, Mkenya, anakuja kwa treni kutoka Blacktown. Wote wawili tulikuwa na miaka arobaini na tisa, tumepishana miezi miwili tu. Siku hiyo alikatiza maneno yake mwenyewe, akavua sweta, akajipepea kwa karatasi ya zamu na kusema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mnisamehe jamani, hedhi inaniaga. Nawaka moto."

Watu wakacheka naye. Mmoja akainuka kumfungulia dirisha.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, jasho linanitiririka mgongoni chini ya aproni, na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote duniani.

Mimi ni Mhindi wa Tanga. Nilizaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yangu, nikasoma na watoto wa Kiswahili, nikaolewa Dar es Salaam, kisha mume wangu akapata kazi ya ufundi umeme huku tukahama pamoja na mama yake. Pale kazini, huyu Mkenya ndiye mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye Kiswahili. Alikuwa akinitania kwamba chetu cha pwani ni cha kusoma taarifa ya habari. Nilimpenda. Ndiyo maana nashindwa kueleza vizuri yaliyonipata moyoni, kwa sababu hayakuwa chuki. Nilitaka alicho nacho, na nilitaka asiwe nacho.

Ijumaa mume wake alikuwa akimfuata kwa gari. Ijumaa moja nilikuwa natoka mlango wa nyuma na mfuko wa takataka nikamkuta amesimama na taulo ndogo mkononi, imelowekwa maji baridi na kukunjwa vizuri. Akamwekea mkewe shingoni.

"Leo moto umekushika mara ngapi?" akamuuliza.

"Saba!" akajibu, kama mtu aliyefunga mabao.

Nilisimama na takataka zangu. Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka ishirini na sita ya ndoa, na neno hedhi halijawahi kupita kati yetu. Nyumbani kwetu tunasema mwanamke "amekaa kando". Mama mkwe ana kabati lake la ibada sebuleni, lenye picha za miungu na taa ya samli, na mwanamke aliye mwezini halisogelei, wala hagusi chupa ya achari. Siku hizo nne mama mkwe huwasha taa mwenyewe. Kwa hiyo nyumba nzima hujua, bila mtu kusema.

Sasa fikiria siku hizo zinapoanza kuruka. Mwezi wa kwanza nilinyamaza. Mwezi wa pili mama mkwe akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye dengu anazochambua, "Mbona hujakaa kando?"

Nikamwambia, "Kesho, mama." Na kesho yake nikakaa kando, sina hata tone. Nilifanya hivyo miezi mitatu. Nilihesabu siku nne, nikawa napita mbali na kabati, nikamwacha bibi wa miaka sabini na nane ainuke na magoti yake mabovu kuwasha taa, kwa sababu niliona haya kuambiwa nimezeeka.

Nilikuwa nimejiandaa, lakini maandalizi yangu yalikuwa ya mwizi. Nilinunua suruali nyeusi tatu za kazini. Nilificha pedi ndani ya kopo la biskuti nyuma ya pasi. Nilisoma kwenye simu, nimejifungia chooni, makala zenye picha za wanawake wanaotabasamu ufukweni wakijinyoosha viungo. Hakuna hata moja iliyosema ufanye nini kama mama mkwe anahesabu siku zako, au kama mama yako mwenyewe alifariki kabla hujapata akili ya kumuuliza.

Januari ile joto lilikuwa kali hata vyuma vya geti vilikuwa havishikiki. Mwenzangu, yule Mkenya, akanunua feni ndogo, akaiweka juu ya meza ya wauguzi, kando ya ukumbi wa chakula. Meneja akamruhusu pia kuvaa mikono mifupi. Aliomba tu, akapewa. Kutoka kwenye sinki langu niliiona meza ile moja kwa moja kupitia dirisha la kupitishia chakula. Kila moto uliponipanda, kuanzia kifuani hadi masikioni, mikono yangu ikiwa ndani ya maji ya moto, nilimwona yeye nywele zinapepea.

Kwenye korido kuna sanduku la maoni. Niliandika, bila jina, kwamba waya wa feni unapita wanapotembea wazee na vigari vyao vya kushikilia, na siku moja mtu ataanguka. Waya ule ulikuwa umebandikwa kwa gundi ukutani. Nilijua. Nilikuwa nimemwona akiubandika mwenyewe, amepiga magoti.

Kesho yake feni haikuwepo. Utamu wake niliusikia mpaka saa ya chakula cha mchana. Halafu nikamwona anagawa dawa, uso umelowa, akasimama na kushika ukuta kwa mkono mmoja kama mtu aliye ndani ya basi. Nikarudisha macho kwenye karoti.

Wiki mbili baadaye zamu ikanigeukia mimi. Nilikuwa nimebeba trei ya supu kuelekea ukumbini nikasikia kitu kikidondoka ndani yangu, kizito, cha moto. Miezi mitano nilikuwa sijaona chochote, na sasa damu ilikuwa inashuka ndani ya suruali nyeusi hadi kwenye kiatu. Suruali nyeusi haisaidii kitu kama sakafu ni nyeupe.

Yeye ndiye aliyeona. Alikuja haraka bila kukimbia, akachukua trei, akafungua sweta lake kiunoni na kunifunga mimi. Akawaambia watu, "Supu imemwagika, msipite hapa," kisha akanishika kiwiko hadi bafuni. Akanikalisha kwenye kiti cha kuogeshea wazee, akafungua maji, akaanza kuniosha miguu. Hakuuliza ruhusa. Aliniosha kama alivyozoea kuosha watu, kwa mikono isiyoogopa.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Kabla ya hapo miezi mitano hakuna."

"Na mabonge?"

"Yapo."

"Umeonana na daktari?"

"Hapana."

"Aki wewe," akasema. "Mama mzima."

Hapo nikalia. Nikasema, "Ile feni. Ni mimi niliyeandika."

Alikuwa anakamua taulo. Aliendelea kuikamua hata maji yalipokwisha.

"Nilijua," akasema. "Mwandiko wako nausoma kila siku kwenye sahani. 'Laini.' 'Bila chumvi.' Ulidhani sitaujua?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uje. Sasa niambie kwa nini. Nilikukosea wapi?"

Nikamwambia ukweli. "Kwa sababu wewe unasema. Unasema mbele za watu, na watu wanakufungulia madirisha."

Akatundika taulo.

"Na wewe ni nani amekufunga mdomo?"

Akanipa pedi na suruali ya akiba ya wauguzi, akasimama na kufuta mikono.

"Sikia, dada. Leo nakushughulikia kama mgonjwa. Kwa hayo mengine nimekasirika bado. Kesho usinichekee chekee kana kwamba yameisha."

Kabla sijaondoka alipiga simu mwenyewe kunitafutia miadi ya daktari, nikamsikia akisema neno damu mara tatu bila kushusha sauti.

Kesho yake nilienda kwa meneja na kumwambia karatasi ilikuwa yangu na waya haukuwa na hatari yoyote. Alinipa onyo la maandishi. Feni ikarudishwa, lakini mwenzangu akaihamishia upande wa pili wa ukumbi, nikawa simwoni tena.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Kati ya maswali yake aliuliza mama yangu alikoma hedhi akiwa na umri gani. Nikasema sijui. Alipouliza kama aliwahi kuwa na damu nyingi, nikasema sijui. Niliona aibu, kama mtoto asiyejua jina la baba yake. Kwenye vipimo walikuta kinyama kidogo ndani ya kizazi, wakakitoa, kikawa si cha kutisha. Lakini lile swali la kwanza ndilo lililorudi nami nyumbani.

Jumapili alasiri, ambapo Tanga ni asubuhi, nilimpigia simu jirani yetu wa zamani. Ni mama wa Kiswahili, sasa ana zaidi ya miaka themanini. Uani kwake na uani kwetu palitenganishwa na ukuta mfupi wenye mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko Australia mnakula?"

Tukasalimiana mpaka maneno ya salamu yakaisha. Kisha nikamuuliza kuhusu mama. Nilitarajia aone haya. Hakuona.

"Mama yako alianza mapema, arobaini na sita hivi. Tabu tupu! Alikuwa akipita pale mlangoni mchana, baba yako yuko dukani, anajilaza kwenye saruji ya baraza yangu, namwagia maji miguuni. Anasema, dada, leo nimechomwa kama chapati. Tunacheka mpaka tunashikana mbavu."

Sikuwahi kumsikia mama yangu akicheka hivyo. Kwetu alikuwa mtu wa kunong'ona.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Ulikuwa msichana. Alisema atakwambia ukishazaa. Hakujaliwa kufika." Akakohoa kidogo. "Alipenda sana uji wa pilipili manga siku zile. Wewe pia unywe."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Ungedhani nilifarijika. Nilimwonea wivu bibi kizee wa watu, kwa sababu mama yangu alicheka naye na kumpa siri zake, nami nikaachiwa kabati na masharti yake. Wivu ule ulikuwa mkali kuliko wa feni, na haukuwa na mtu wa kumwandikia karatasi.

Jioni hiyo nilimkuta mama mkwe anajivuta kuelekea kwenye taa, kwa kuwa hakujua kama nimekaa kando au la. Nikamwambia, "Mama, kaa. Sikai kando tena. Na ile miezi mitatu nilikudanganya."

Aliketi. Akachezea bangili zake.

"Mitatu?" akasema. "Mimi nilimdanganya mama mkwe wangu mwaka mzima."

Nikachukua kiberiti.

"Niliogopa mume wangu ataambiwa," akasema. "Washa, inachelewa."

Nikawasha. Wiki hiyo alianza kuniwekea maji ya mbegu za shamari, dawa yetu ya kupoza joto, kwenye glasi kando ya sinki, bila maelezo.

Kwa mume wangu nilichukua muda mrefu zaidi. Nilimwambia ndani ya gari, tukirudi kutoka Villawood kuchukua kabati la zamani alilonunua kwa mtu. Nilisema yote kwa mfululizo, nikitazama malori: damu, daktari, joto, hasira zangu za asubuhi ambazo alidhani ni tabia mpya. Alishika usukani kwa mikono miwili. Kwenye taa nyekundu akauliza, "Inauma?"

"Haiumi. Inachoma."

"Mpaka lini?"

"Daktari anasema huenda miaka kadhaa."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa hivyo? Alikuwa anatupigia kelele kweli mwaka niliomaliza shule."

"Muulize," nikasema.

"Mimi?" akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, kwa woga.

Hajamuuliza. Na hajawahi kuniwekea taulo shingoni. Mwenzangu sasa hunisalimia, na mwezi uliopita alikula bajia zangu, mbili, akasema chumvi imezidi. Ijumaa mume wake akija, huwa napitia mlango wa mbele.